Mzazi na Somo la Kusoma Katika Darasa la Kwanza

Miongoni mwa kazi zote za mwalimu wa shule ya msingi, ni chache zilizo nzito kama ile ya kumpokea mtoto wa Darasa la Kwanza na kumfikisha kwenye kusoma. Kazi hiyo mwalimu haifanyi peke yake. Saa nyingi za siku mtoto yu mikononi mwa wazazi wake, na yale anayoambiwa nyumbani juu ya shule humwingia kwa nguvu kuliko maneno ya mwalimu. Katika makala hii tunakusudia kueleza jambo moja: kwamba mzazi hana budi kuonyeshwa namna mtoto wake anavyofundishwa, na kwamba haitoshi kumwonyesha alama alizopata. Mifano yetu inatoka katika vijiji vya pwani kaskazini ya Dar es Salaam, kuanzia Mapinga na Kerege, kupita Mlingotini na Kaole, hadi mji wa Bagamoyo, ambako sisi wakufunzi huwatembelea wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha. Yafaa tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe.

KOSA TULILOLIFANYA

Katika shule moja ya kijiji cha wavuvi, ambayo hatutaitaja jina, mwanachuo wetu alikuwa akifundisha Darasa la Kwanza. Muhula wa kwanza ulipokaribia kwisha, wazazi waliitwa shuleni, nasi tukahudhuria. Baba mmoja, mvuvi, alisimama akawashukuru walimu. Akasema mwanawe sasa anajua kusoma, na kila jioni huwasomea watu wa nyumbani, bibi yake akisikiliza. Mtoto akaitwa mbele. Akafungua kitabu, akausoma ukurasa mzima bila kukosea, kidole chake kikipita chini ya maneno. Wazazi wakapiga makofi.

Sisi tulitambua kwamba mtoto alikuwa ameukariri ukurasa ule. Kwa nia ya kuwafunza wazazi tofauti ya kukariri na kusoma, tuliandika ubaoni maneno yaleyale ya ukurasa ule katika mpango mwingine, tukamtaka ayasome. Mtoto akanyamaza. Tukamngoja; akazidi kunyamaza. Baba yake akainamisha kichwa. Tukaeleza, kwa lugha nzuri ya kitaalamu, kwamba huko hakukuwa kusoma.

Tulirudi chuoni tukidhani tumefundisha somo. Kwa hakika tulichofundisha ni kwamba shule ni mahali pa kuaibishwa. Siku nne zilizofuata mtoto hakuonekana darasani. Siku ya tano mwalimu wa darasa alituarifu kwamba ameonekana ufukoni akisaidia kuvuta nyavu. Tukaenda nyumbani kwao. Baba yake alitukaribisha kwa heshima, akatupa viti, kisha akasema: "Walimu, mtoto alisoma watu wakapiga makofi, nanyi mkasema hakusoma. Sasa mimi nishike lipi?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Baba huyu alikuwa ametimiza kila tulichomtaka: alimnunulia mtoto sare na madaftari, akamhimiza, akamsikiliza jioni. Kitu kimoja tu hakuwa nacho, nacho kilikuwa juu yetu kumpa. Hakuna mtu aliyewahi kumweleza kusoma ni kufanya nini.

MTOTO HAKUDANGANYA

Walimu wengi hukasirika wanapogundua kwamba mtoto "anasoma" kwa kukariri. Wengine humwita mvivu au mjanja. Hilo si sawa. Mtoto anayekariri ukurasa huku akipitisha kidole chini ya maneno amekwisha kujifunza mambo manne makubwa: kwamba maandishi husema, kwamba husema maneno yaleyale kila siku, kwamba maandishi yetu huanza kushoto kwenda kulia, na kwamba mstari ukiisha, jicho hushuka kwenye mstari unaofuata. Mtoto asiyeyajua hayo hawezi kuanza kusoma.

Tena, kwa watu wa pwani kuhifadhi ni elimu yenye heshima. Mtoto huhifadhi sura katika madrasa na akasifiwa na wakubwa. Anapoingia shuleni akahifadhi ukurasa wa kitabu, anafanya lile ambalo amefunzwa kuwa ni jema. Kazi ya mwalimu ni kumchukua kutoka hapo alipofika na kumvusha hatua nyingine: kutoka kulikumbuka neno hadi kulifungua neno ambalo hajawahi kuliona.

MTOTO WA PWANI HAJI MIKONO MITUPU

Kuna rai inayosikika mara kwa mara katika vyumba vya walimu kwamba madrasa huwachanganya watoto, kwa kuwa herufi za Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Ushahidi unaotolewa ni watoto wanaoandika b mahali pa d. Rai hiyo haina msingi. Kosa hilo huonekana kwa watoto wanaoanza kuandika katika nchi nyingi, na hata kwa wale ambao hawajawahi kuona herufi ya Kiarabu. Sababu yake ni nyepesi kuifahamu. Katika maisha ya mtoto, kitu kikigeuzwa hubaki kuwa kitu kilekile: kikombe ni kikombe, mkono wake ukielekea kulia au kushoto. Herufi ndiyo kitu cha kwanza anachokutana nacho ambacho kikigeuzwa hubadilika jina na sauti. Lazima apewe muda wa kulizoea jambo hilo geni.

Kwa upande mwingine, mtoto aliyetoka madrasa ana akiba ambayo mwalimu mwangalifu ataitumia. Amezoea kukaa na kusikiliza. Anajua kwamba alama ndogo ina sauti yake. Aghalabu hutamka barabara sauti za dh, th na gh, ambazo huwasumbua watoto wengine wengi. Basi mwalimu asiione madrasa kuwa mshindani wake. Na amwulize mtoto, mbele ya wenzake na kwa heshima, huko husoma namna gani.

MAJINA YA HERUFI NA SAUTI ZAKE

Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika mwaka 2015 uliweka mkazo kwenye stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Katika ufundishaji huo mtoto huanza kwa kuisikia na kuitamka sauti ya herufi, kisha huunganisha sauti kupata silabi, silabi kupata neno, na neno kupata sentensi.

Wazazi wengi hawakupata kuelezwa hayo. Mzazi mwenye bidii humketisha mtoto jioni akamfunza: a, be, che, de. Siku ya pili mtoto huliona neno "baba" akasema "be-a-be-a", na asione neno limetokea wapi. Mwalimu humwambia amekosea. Nyumbani aliambiwa amepata. Katikati ya wakubwa wawili wanaompenda, mtoto huamua kunyamaza. Kimya cha namna hii mara nyingi huhesabiwa kuwa uzito wa akili.

Dawa yake ni ndogo. Mzazi aambiwe kwamba jina la herufi litakuja baadaye, na kwamba kwa sasa mtoto anataka sauti. Kisha aonyeshwe mchezo wa kupiga makofi kwa silabi, ambao hauhitaji kitabu wala taa. Neno "samaki" lina makofi matatu: sa-ma-ki. "Ngalawa" ni matatu: nga-la-wa. Hapa mwalimu aiangalie sana herufi m. Katika "mnazi" m husimama peke yake kuwa silabi kamili, m-na-zi, makofi matatu. Katika "mbegu" m huungana na b, mbe-gu, makofi mawili. Neno "mtumbwi" lina hali zote mbili: m-tu-mbwi. Mtoto wa mvuvi anayelitamka neno hilo kila siku atazisikia silabi zake upesi, na akisha kuzisikia ataweza kuzitafuta katika maandishi.

MKUTANO WA PILI

Baada ya ziara ile ya nyumbani tulimwomba mwalimu mkuu atuitishie mkutano mwingine. Safari hii tulitaka ushauri wa kamati ya shule juu ya siku na saa, na ushauri wao ulitufunza jambo. Kijiji kile huvua dagaa usiku kwa taa. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wake hushinda mwanga wa taa, nao wavuvi hao hupumzika. Lakini siku hizohizo za mwezi mpevu ni za bamvua. Maji hutoka mbali sana asubuhi, yapata saa nne, na akina mama huwa ufukoni wakiokota kombe, mara nyingine pamoja na watoto. Basi saa iliyowafaa wote ilikuwa alasiri ya siku za mbalamwezi. Watu waliohudhuria walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Tangu hapo, tunapoisoma orodha ya mahudhurio ya shule ya pwani, kwanza tunatazama kalenda ya mwezi. Utoro unaorudi kila baada ya majuma mawili una sababu, na sababu hiyo inaweza kuzungumzwa na wazazi bila ugomvi.

Tulianza kwa kuomba radhi kwa baba yule mbele ya watu walewale walioshuhudia. Kisha, badala ya kuhutubu, tulimwomba mwanachuo afundishe somo la dakika 30 huku wazazi wakiketi kwenye madawati ya watoto. Somo lilikuwa la sauti b pamoja na irabu zake: ba, be, bi, bo, bu.

Mwanachuo alipomaliza, tuliuliza kama kuna mzazi aliyewahi kufunzwa herufi kwa njia inayofanana na hiyo. Baba yule alinyamaza. Mama yake, bibi wa mtoto, akamwambia, "Si uwaonyeshe ulivyosoma?" Akaenda ubaoni. Akaandika herufi ya Kiarabu yenye sauti ya b. Akaiwekea fataha juu, akasema ba; akaiwekea kasra chini, akasema bi; akaiwekea dhamma, akasema bu. Akatazama ubao kwa muda, herufi zake upande mmoja na zetu upande wa pili, akasema: "Walimu, kumbe ni kazi ileile."

Bibi wa mtoto hakuridhika. Yeye alijifunza herufi za Kilatini katika madarasa ya kisomo, wakati wa kampeni ya elimu ya watu wazima iliyopata nguvu baada ya mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Akauliza, "Be na bo ziko wapi?" Swali hilo lilikuwa zuri kuliko yote tuliyokuwa tumeyaandaa. Alama zile tatu za irabu zinatosha kwa Kiarabu, ila Kiswahili kina irabu tano. Katika barua za zamani za pwani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, aghalabu alama moja ilisimama kwa i na e, na nyingine kwa u na o. Msomaji alilitambua neno kwa kuwa alikwisha kuijua lugha na habari yenyewe. Tukawaambia wazazi kwamba hivyo ndivyo mtoto alivyofanya kwenye ukurasa wake: alikuwa akisaidiwa na yale aliyokwisha kuyajua. Tunachomtakia sasa ni aweze kusoma hata habari asiyoijua. Baba akatikisa kichwa kukubali. Hatukumwita mtoto mbele siku ile.

DAKIKA TANO ZA JIONI

Yawezekana msomaji akauliza kwa nini tuwasumbue wazazi, ilhali walimu wameajiriwa kwa kazi hiyo. Jibu limo katika hesabu. Tangu Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa, watoto wengi walioachwa nje kwa ajili ya michango waliingia shuleni. Ni heri kubwa, kama ilivyokuwa heri mwaka 1977 Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza. Lakini madarasa yalijaa. Tuchukue darasa la watoto 90. Kipindi cha dakika 30 kina sekunde 1,800. Mwalimu akiamua kumsikiliza kila mtoto, asifanye jambo jingine lolote, kila mmoja atapata sekunde 20. Mzazi anayekaa na mtoto dakika tano jioni humpa sekunde 300, yaani sehemu yake ya vipindi 15. Hakuna njia ya kufundisha tuijuayo inayoweza kufidia upungufu huo pasipo msaada wa nyumbani.

Dakika tano hizo hazimtaki mzazi awe msomi. Tuliwapa wazazi wa shule ile mashauri yafuatayo, nasi tunawaomba walimu wenzetu wayajaribu:

1. Mzazi amwulize mtoto kila jioni, "Leo mmejifunza sauti gani?" badala ya "Umepata ngapi?" Kisha watafute pamoja maneno matatu yenye sauti hiyo.

2. Mzazi asiyejua kusoma amtake mtoto amfundishe. Mtoto anayefundisha hukumbuka.

3. Mtoto anaposoma ukurasa kwa kukariri, asikatazwe. Aachwe amalize, kisha aambiwe, "Nionyeshe hapo palipoandikwa kuku." Hapo ndipo kukariri kunapoanza kugeuka kuwa kusoma.

4. Herufi iliyogeuzwa isiwe sababu ya fimbo. Iandikwe sawasawa pembeni, mtoto aifuatishe kwa kidole mchangani, kisha aiandike tena.

5. Katika kuhesabu, zitumike hesabu za nyumbani. Mama anayeuza samaki kwa mafungu anafundisha kuzidisha: mafungu manne ya samaki watano watano. Boriti za mikoko zilihesabiwa kwa korja, yaani 20. Njiti za chelewa zikifungwa kumi kumi, mtoto ataona kwa macho yake makumi na mamoja.

Mwalimu naye ana wajibu wake. Daftari linalokwenda nyumbani limejaa alama za makosa pasipo neno hata moja ni barua mbaya. Mzazi huona wekundu tu, na mtoto hulipia usiku huohuo. Mwalimu asahihishe kwa kuandika herufi iliyo sawa kando ya iliyokosewa, na angalau mara moja kwa juma amtume mtoto kwa mdomo: "Mwambie mama leo umeweza ku." Ujumbe huo hauhitaji kalamu.

HITIMISHO

Mtoto yule alirudi darasani juma lililofuata mkutano wa pili. Mwanachuo wetu hakumtaka asome peke yake mbele ya wenzake kwa muda wa majuma mawili. Alimweka katika kikundi cha watoto watano waliopanga silabi zilizoandikwa kwenye vipande vya maboksi. Tulipozuru shule ile muhula wa pili, alitusomea sentensi tatu fupi ambazo hakuwahi kuziona. Alisoma polepole, mbali sana na ufasaha wa siku ile ya makofi. Kwenye neno "mbuzi" alikwama, akarudi nyuma, akalipata. Hatusemi kwamba mikutano miwili ilimaliza shida za darasa lile. Tuliwakuta pia watoto ambao bado hawakuweza kuunganisha silabi, na wazazi ambao hatukuwaona kamwe. Lakini lile swali la baba, "Nishike lipi?", sasa lilikuwa na jibu, na jibu hilo alilipata kwa kuwa alikaa kwenye dawati na kuona.

Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 tumekuwa tukisema kwamba shule ni sehemu ya kijiji. Kwa mwalimu wa Darasa la Kwanza, maneno hayo maana yake ni kumfungulia mzazi mlango wakati somo linaendelea, asingoje kuitwa siku ya michango au siku ya makosa.

KAZI KWA WANACHUO

(a) Tembelea nyumba tatu za watoto wa Darasa la Kwanza katika eneo la mazoezi yako. Uliza mzazi humfundishaje mtoto herufi, kisha andika ulichosikia pasipo kukisahihisha.

(b) Tayarisha somo la dakika 30 la kuwafundisha wazazi sauti ya herufi moja. Eleza ni siku gani na saa gani utawaita, na kwa sababu gani.

(c) Chukua daftari moja lililosahihishwa kwa alama za makosa. Lisahihishe upya ili mzazi na mtoto wapate kujifunza jambo kwalo.